Machimbo Yakiachwa, Miche Isitangulie

Ukishuka kutoka Itigi kuelekea kusini, Rungwa ni njia panda: barabara moja inakwenda Tabora kupitia Ipole, nyingine inateremka hadi Makongolosi na Chunya. Ubavuni kuna Pori la Akiba la Rungwa, na wengi wanaijua sehemu hii kwa tembo na asali. Lakini iko kati ya nchi mbili za dhahabu. Kusini ni Lupa, iliyovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Kaskazini mwa mkoa wa Singida ni Sekenke, wilayani Iramba, ambako Wajerumani walianza kuchimba mwaka 1909. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyofuliwa kuwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Dhahabu huondoka, ardhi hubaki. Panapoachwa na wachimbaji wadogo utakuta maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, yaliyo wazi, vilima vya kifusi, marundo ya marudio (mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu) yenye mabaki ya zebaki, na visiki vya miti iliyokatwa kuwa matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Dawa iliyozoeleka ni kampeni: miche inaletwa kwa lori, mgeni rasmi anapanda wa kwanza, picha zinapigwa. Kiangazi kikifika, mbuzi na jua humaliza kazi. Kosa si la miche. Imepandwa mahali pasipo na udongo wala mwenyewe.

Kuhusu udongo, Afrika Mashariki ina somo moja kubwa, nalo liko Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alipewa kazi ya kuotesha miti katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. 3 tu ndizo zilizostahimili, mojawapo mvinje. Hata hivyo majani ya mvinje yalirundikana chini bila kuoza. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna, akaleta mamia ya jongoo hao. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji, na juu ya mboji hiyo ukaota msitu ambao leo watu hulipa kiingilio kuutembelea.

Rungwa hatuna haja ya mvinje. Tuna miombo, na miombo ina siri yake. Mitundu na mitondoro huishi kwa ushirika na kuvu waliozunguka mizizi yake, wanaoisaidia kupata maji na virutubisho katika udongo maskini. Uyoga mwingi ambao akina mama huokota porini masika ni matunda ya kuvu hao. Mchimbaji anapougeuza udongo wa juu na kuufukia chini ya kifusi, anazika kuvu na mbegu kwa pamoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kurudisha kijani hufanyika siku ya kwanza ya kuchimba: udongo wa juu uwekwe kando, na duara likiisha kufukiwa, urudishwe juu. Pale ambapo visiki bado vina uhai, havihitaji mche. Chagua machipukizi machache yenye afya, punguza mengine, zuia mifugo. Mizizi iliyokwisha kushika chini huotesha haraka kuliko mche wa kitaluni.

Kuhusu mwenyewe, somo liko jirani zaidi: Shinyanga. Misitu ya huko ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata nafasi ya pamba na mifugo, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na ulipiga hatua ulipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho masika na kulifungua kiangazi. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nyingine zilikuwa za kaya, nyingine za kijiji, na aliyevunja masharti alijibu mbele ya wenzake. Watu walilinda walichojua kitawarudia: majani, kuni, nguzo, asali.

Hapo ndipo mipango mingi ya machimbo inapokwama. Marudio unayoyaona kama uchafu ni mali ya mtu. Yanauzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua. Ukipanda miti juu yake bila kumwita mwenye nayo, atakuja na koleo. Mfugaji naye ana njia yake ya kupeleka ng'ombe majini, na mrina asali anajua mti upi unachanua lini. Hawa wote wakae kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ramani haijachorwa, na makubaliano yaandikwe kuwa sheria ndogo zinazopitishwa na halmashauri. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7. Mazungumzo yaanze leseni ikiwa hai, mchimbaji akiwa bado na vifaa vya kufukia na sababu ya kusikiliza.

Tahadhari moja haina mjadala: penye marudio ya zebaki pasilimwe chakula wala kulishwa mifugo, na maji ya mashimoni yasinywewe. Mizinga ya nyuki nayo iwekwe mbali na hapo, kwenye miombo inayochipua upya.

Kwa hiyo halmashauri na wafadhili, kabla ya kuagiza lori la miche, iteni kijiji mkaulize mambo matatu: kifusi hiki ni cha nani, nani atazuia mifugo, na nani atavuna miti ikikua? Majibu yakipatikana, miche itakuwa na pa kwenda. Yasipopatikana, fedha hiyo inunue majembe ya kufukia mashimo kabla hayajameza mtoto wa mtu.