Njia ya Barafu, Mwendo Kasi na Jeraha la Kichwa

Njia ya kuteleza juu ya barafu kwa kawaida ni mfereji wa zege uliojengwa kwenye mteremko wa mlima na kufunikwa tabaka jembamba la barafu. Michezo mitatu ya Olimpiki ya majira ya baridi hufanyika humo. Katika bobuslei, wachezaji huketi ndani ya chombo chenye ganda gumu. Katika luji, mchezaji hulala chali, miguu ikitangulia. Katika skeletoni hulala kifudifudi, kichwa kikitangulia. Vyombo hivyo havina injini. Baada ya msukumo wa mwanzo, uvutano wa dunia ndio unaoviendesha.

Muundo na rekodi

Njia ya St. Moritz nchini Uswisi, yenye urefu wa mita 1,722, imekuwa ikijengwa upya kila msimu wa baridi tangu mwaka 1904 kwa theluji na maji pekee. Njia nyingi za kisasa hugandishwa kwa mabomba ya amonia yaliyozikwa ndani ya zege. Ile ya Whistler, Kanada, ina kona 16 na hushuka mita 152 kutoka juu hadi chini. Kusingekuwa na msuguano wala upinzani wa hewa, mteremko huo ungetosha kumfikisha mtu kasi ya kilomita 197 kwa saa. Katika luji, Manuel Pfister wa Austria alifikia kasi ya takriban kilomita 154 kwa saa mwaka 2010.

Kila njia huwa na urefu, kona na mteremko wake. Kwa sababu hiyo hakuna rekodi moja ya muda kwa dunia nzima, bali kila njia hutunza yake. Muda wa luji hupimwa hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kwenye kona kali mwili huweza kuelemewa na nguvu inayofikia mara tano ya uzito wake: kichwa cha kilo 5 hubebwa na shingo kana kwamba kina kilo 25.

Kifo kilichobadili usanifu

Tarehe 12 Februari 2010, saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, Nodar Kumaritashvili, mwanaluji wa Georgia mwenye umri wa miaka 21, alirushwa nje ya njia ya Whistler katika kona ya mwisho akagonga nguzo ya chuma. Kasi yake ilikuwa karibu kilomita 144 kwa saa. Alikuwa amevaa kofia ngumu, lakini hakupona. Baada ya ajali hiyo ukuta uliinuliwa, umbo la barafu likarekebishwa na mahali pa kuanzia pakashushwa. Njia iliyojengwa Urusi kwa Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 iliwekewa sehemu tatu za kupanda ili kupunguza kasi.

Somo kwa barabara ya Nakapanya

Nakapanya, mkoani Ruvuma, hakuna njia ya barafu. Ipo barabara ya lami kati ya Mangaka na Tunduru, nazo bodaboda hupita juu yake. Kanuni ya mwendo ni ileile: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga huongezeka mara nne. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 6. Kwa kilomita 80, ni sawa na mita 25, kimo kinachozidi mkorosho wowote wa kawaida.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionesha kuwa, kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali, kofia ngumu hupunguza uwezekano wa jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69 na wa kifo kwa asilimia 42. Kinga hiyo ni kubwa, lakini ina kikomo. Kofia hulinda fuvu, ilhali ubongo ulio ndani huendelea kusogea na kujigonga. Kwa hiyo kofia na mwendo wa wastani huenda pamoja, na mkanda wa kofia sharti ufungwe.

Majeruhi asikunjwe, asiketishwe kwa nguvu, wala asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kwa mtindo wa mshikaki. Kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka, njia ya hewa iwe wazi, na damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi. Zahanatini, mhudumu apime fahamu kwa kipimo cha Glasgow na kurudia mara kwa mara, kwani alama zinazoshuka zina maana kubwa kuliko alama za mara moja. Oksijeni ikipungua mwilini au shinikizo la damu likishuka, ubongo huumia zaidi.

Mtu aliyeanguka akasimama na kuzungumza vizuri bado anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni zikitofautiana ukubwa, akipata degedege au akitokwa majimaji masikioni au puani, apewe rufaa mara moja. Ndugu waelezwe dalili hizi kabla ya kumrudisha nyumbani, na kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake.