KILA MWILI NA ZOEZI LAKE



Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa, hakati mara moja. Kwanza anakupima mabega, kifua, kiuno na urefu. Nguo ya jirani yako, hata ikiwa nzuri namna gani, haitakukaa wewe.

Mazoezi ya mwili nayo ni hivyo hivyo. Zoezi linalomfaa kijana linaweza kumuumiza mzee. Siku hizi watu huona mazoezi kwenye simu, kisha huyaiga bila kujipima. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuchagua zoezi kufuata mwili wa mtu. Tutatumia mfano wa mazoezi ya polepole yanayoitwa yoga.

1. Mgongo ni mtaji

Mkulima hutegemea mgongo wake. Mgongo ukiuma wakati wa palizi, kazi inachelewa. Magugu yanashinda mazao. Mwisho wake ghala linakuwa tupu. Kwa hiyo maumivu ya mgongo si jambo dogo katika nyumba ya mkulima.

Tena si jambo la watu wachache. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo sehemu ya kiunoni.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale kitandani siku nyingi. Sasa ushauri umebadilika. Mwaka 2017 chama kimoja kikubwa cha madaktari wa Marekani kilitoa ushauri juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu muda mrefu. Kilisema tiba zisizo za dawa zijaribiwe kwanza. Mazoezi yalikuwa miongoni mwa tiba hizo, na yoga ilitajwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilitaja mazoezi katika ushauri wake.

Basi tunajua kwamba mazoezi husaidia. Swali linalobaki ni hili: zoezi gani, na kwa mtu gani?

2. Yoga ni nini?

Yoga ilianza India zamani sana. Neno lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, nalo lina maana ya kuunganisha. Huko India yoga ina mambo mengi, pamoja na mambo ya dini. Hapa tunazungumzia sehemu moja tu: kuujongeza mwili polepole, pamoja na pumzi. Mtu wa dini yoyote anaweza kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi.

3. Walimu waliofuata mwili wa mtu

Mwalimu mmoja mashuhuri wa India aliitwa Krishnamacharya. Alizaliwa mwaka 1888, akafariki mwaka 1989. Katika miaka ya 1930 alifundisha yoga katika jumba la mfalme wa Mysore. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa kiume wenye nguvu. Mazoezi yao yalikuwa magumu.

Baadaye alihamia mji wa Madras, ambao sasa unaitwa Chennai. Huko walimjia watu wa namna nyingine, wakiwemo wagonjwa na watu wazima. Hakuwapa mazoezi ya wale vijana. Alimfundisha mtu mmoja mmoja, kufuata umri wake, afya yake na kazi yake. Mwaka 1976 mwanawe, Desikachar, alianzisha kituo katika mji huo ili kuendeleza njia hiyo.

Mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya aliitwa Iyengar. Huyu utotoni alikuwa dhaifu. Aliugua malaria, kifua kikuu na homa ya matumbo. Alipokuwa mwalimu katika mji wa Pune alitumia blanketi, mikanda, viti na vipande vya mbao kuwasaidia wanafunzi wake. Mtu ambaye mkono wake haukufika chini aliwekewa kipande cha mbao. Hakulazimishwa kuifuata ardhi. Ardhi ililetwa karibu na mkono wake.

4. Pima kabla ya kukata

Kabla ya kuanza mazoezi, jiulize maswali haya. Kama unamsaidia mtu mwingine, muulize yeye, kisha usikilize majibu:

(a) Una umri gani?
(b) Kazi yako ya kila siku ni ipi? Unainama, unabeba au unakaa?
(c) Unaumwa wapi, na tangu lini?
(d) Maumivu yanazidi wakati gani? Yanapungua wakati gani?
(e) Je, una ugonjwa wowote, kama shinikizo la damu, moyo au pumu? Unatumia dawa gani?
(f) Je, umewahi kuvunjika mfupa au kupasuliwa?
(g) Kwa mwanamke: je, una mimba?
(h) Unataka kuweza kufanya nini?

Swali la mwisho lisisahauliwe. Mmoja atasema, "Nataka kupalilia bila maumivu." Mwingine atasema, "Nataka kuinuka kitini bila kushikwa mkono." Hawa wawili hawawezi kupewa zoezi moja.

5. Watu watatu, mazoezi matatu

Mkulima mwenye maumivu ya kiuno. Mtu huyu huinama na jembe kutwa nzima. Ukimwambia ainame aguse vidole vya miguu, umemwongezea kazi ile ile iliyomchosha. Afadhali alale chali juu ya mkeka. Akunje magoti, nyayo zikanyage chini. Hapo mgongo haubebi mzigo. Akitoa pumzi, avute goti moja taratibu kuelekea kifuani. Akivuta pumzi, alirudishe. Afanye mara 6, kisha goti la pili.

Halafu apige magoti na kuweka viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Akitoa pumzi, apandishe mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Akivuta pumzi, aurudishe uwe sawa kama meza. Afanye mara 6 bila haraka.

Bibi mwenye magoti mabovu. Huyu usimwambie apige magoti wala akae mkekani. Atashindwa kuinuka. Mpe kiti imara, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Akae wima, nyayo zikanyage chini. Akivuta pumzi, ainue mikono hadi pale inapofika bila kuuma. Akitoa pumzi, aishushe. Mara 6 zinatosha. Kisha anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi 3, aushushe. Abadilishe mguu. Zoezi hili hutia nguvu misuli ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayolisaidia goti.

Mtu mwenye shinikizo la damu. Huyu anaweza kufanya mazoezi ya polepole, ila aulize kwanza kwa mganga wa zahanati. Asizuie pumzi. Asijikaze kwa nguvu. Kichwa kisiwe chini kuliko moyo. Akiwa amelala, asiinuke ghafla. Ageuke kwanza ubavu, akae kidogo, ndipo asimame. Yoga isimfanye aache dawa zake. Dawa ziendelee kama alivyoelekezwa.

Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Watu wote watatu wanavuta na kutoa pumzi. Wote wanajongea polepole. Lakini mmoja yuko mkekani, mwingine yuko kitini, na wa tatu ana miiko yake. Hiyo ndiyo maana ya kupima.

6. Vipimo vitatu

Mtu anajuaje kama zoezi limemfaa? Kuna vipimo vitatu, na vyote havina gharama.

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Pumzi ikienda taratibu, zoezi linafaa. Pumzi ikikatika, au ukijikuta umeizuia, zoezi limekuzidi. Punguza.

Kipimo cha pili ni maumivu. Kuhisi misuli inavutwa kidogo ni kawaida. Maumivu ya kuchoma au ya kukata si kawaida. Acha hapo hapo. Usiseme, "Nitavumilia." Uvumilivu ni mzuri katika mambo mengi, lakini katika jambo hili unaweza kukuumiza.

Kipimo cha tatu ni kesho asubuhi. Ukiamka mwepesi, endelea vivyo hivyo. Maumivu yakiwa makali kuliko jana, punguza idadi au badili zoezi.

Anza na dakika 10 kwa siku. Usifanye mara tu baada ya kula. Dakika 10 za kila siku zina faida kuliko saa nzima ya siku moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Mkiwa wengi darasani

Je, kikundi cha watu 15 kinaweza kufanya mazoezi pamoja? Ndiyo. Pumzi iwe moja, lakini kila mtu akae kwa namna inayomfaa. Wengine wawe mkekani, wengine kitini, wengine wasimame wakishika ukuta. Msishindane. Mtu anayeinua mkono hadi begani, kama hapo ndipo unapofika, amefanya zoezi lake sawasawa. Asichekwe. Mtu akichekwa leo, kesho atajilazimisha na kuumia, au hatakuja tena.

8. Wakati wa kwenda zahanati

Yoga si dawa ya kila ugonjwa. Acha mazoezi uende zahanati au hospitali haraka ukiona dalili hizi:

- Mguu unakufa ganzi au unaishiwa nguvu.
- Unashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo hautoki.
- Unapata ganzi katikati ya mapaja.
- Mgongo unauma pamoja na homa, au unakonda bila sababu.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali.
- Kifua kinauma au kinabana, au unapata kizunguzungu kikali.

Mama mjamzito aulize kliniki kabla ya kuanza. Asifanye zoezi la kulalia tumbo. Mimba ikishakuwa kubwa, asilale chali muda mrefu. Kukaa kitini au kuegemea ukuta kunafaa zaidi.

Kumbuka

Fundi mzuri hakati mwili wa mtu ili uingie katika nguo. Hukata nguo ili iufuate mwili. Zoezi lako nalo likufuate wewe. Leo mgongo umechoka: fanya kidogo. Kesho una nafuu: ongeza kidogo. Mwili wako utakuambia kiasi chake, nawe uusikilize.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkulima aliyeinama kutwa nzima asipewe zoezi la kugusa vidole vya miguu?
2. Taja vipimo vitatu vya kujua kama zoezi limekufaa.
3. Fikiria mzee mmoja wa nyumbani kwenu. Utamuuliza maswali gani kabla ya kumwonyesha zoezi?
4. Katika kijihi chenu, mtu akiumwa mgongo hushauriwa nini? Ushauri upi ni mzuri? Upi ubadilishwe?
5. Taja dalili tatu zinazomtaka mtu aende zahanati haraka.

KAZI YA KUFANYA

Katika daftari lako andika kazi unayofanya kila siku, mahali panapokuuma, na jambo moja unalotaka kuweza kufanya. Jaribu zoezi moja linalokufaa kwa siku 7. Kila asubuhi andika neno moja: nafuu, vilevile au zaidi. Baada ya wiki moja, lete daftari darasani.