Stata ya Land Rover ya Zamani Inapokataa Kazi

Mkulima huamka kabla ya jogoo, akakamua ng'ombe, akapakia madebe ya maziwa nyuma ya Land Rover yake ya zamani. Huketi, akabonyeza kitufe cha stata, na gari hujibu kwa mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya. Lori la kukusanya maziwa halimngoji mtu, na maziwa yakichelewa juani huchacha. Asubuhi ya namna hiyo huwafanya watu wengi kukimbilia kununua stata mpya, kumbe kosa lilikuwa katika waya mmoja uliolegea.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Mtindo wa pili ulifuata mwaka 1958, na wa tatu ukatengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Magari hayo yangali yakifanya kazi katika mashamba mengi, na sababu moja ni kwamba mwenyewe aweza kuyatengeneza kwa spana chache na akili iliyotulia.

Jinsi Stata Inavyofanya Kazi

Stata ni mota ya umeme yenye nguvu nyingi. Katika injini nyingi za petroli za magari hayo, kwenye mhimili wa stata kuna gia ndogo iitwayo pinyoni, inayopanda juu ya mhimili wenye mikato kama ya skrubu. Mota ikizunguka kwa ghafula, pinyoni husukumwa mpaka meno yake yakaingia katika meno ya flaiwili, na injini ikazungushwa. Injini ikiisha kuwaka, flaiwili huisukuma pinyoni irudi mahali pake.

Taa Ndizo Shahidi

Kabla ya kufungua nati yo yote, mwenye gari awashe taa za mbele, kisha mtu mmoja abonyeze stata na mwingine azitazame taa.

Ikiwa taa zinafifia sana na injini yazunguka polepole au haizunguki kabisa, umeme unafika lakini hautoshi, au stata imekwama. Ikiwa taa zinang'aa kama kawaida wala stata haisemi neno, umeme haufiki. Hapo kosa laweza kuwa katika swichi, katika waya mnene unaokwenda kwenye stata, au katika kaboni zilizo ndani ya stata zilizokwisha kwa kusuguana. Na ikiwa stata yavuma kwa kasi lakini injini haigeuki, pinyoni imeshikwa na uchafu juu ya mikato yake.

Betri na Nyaya Kwanza

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika hupima volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 10 stata inapovuta, betri imechoka au haikujazwa. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, havina budi kusafishwa mpaka ving'ae, vikazwe, kisha vipakwe vaselini. Maji ya betri yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri, si ya mtoni wala ya bomba. Wala moto wa kiberiti au sigara usisogezwe karibu, kwa kuwa betri hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Waya unaosahauliwa mara nyingi ni ule unaounganisha injini au giaboksi na chasisi. Injini imekalia mipira, na waya huo ukioza, umeme wa stata hutafuta njia nyingine. Waya wa choki ukipata moto wakati wa kuwasha gari, hiyo ni dalili ya kosa hilo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba katika magari mengi ya zamani ya Uingereza ni upande chanya wa betri, si hasi, uliofungwa katika chasisi. Mtu asiunganishe betri mpya kwa mazoea ya magari ya siku hizi kabla ya kuhakikisha.

Pinyoni Iliyokwama

Mlio mmoja wa "tak" pamoja na taa kufifia, hali betri ni nzima, mara nyingi maana yake ni kwamba meno yameumana. Swichi ya injini izimwe, gia ya juu iingizwe, na gari lisukumwe mbele na nyuma kidogo mpaka pinyoni iachie. Stata nyingi pia zina ncha ya mraba nyuma ya mhimili, chini ya kifuniko kidogo; ukigeuzwa kwa spana, meno huachana.

Pinyoni chafu huoshwa kwa mafuta ya taa na brashi, ikaachwa ikauke. Haifai kuipaka oili nzito wala grisi, kwani vumbi hunata humo, na kosa hurudi baada ya siku chache. Kabla ya kuifungua stata, waya wa betri uliofungwa katika chasisi hutolewa kwanza.

Ikiwa husikika mkwaruzo mahali pamoja tu, huenda meno ya flaiwili yameliwa. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pale pale, na meno ya hapo ndiyo yanayoumia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hendeli Si Mchezo

Magari mengi ya zamani yana tundu la hendeli mbele. Mwenye kuitumia aondoe gia, avute breki ya mkono, aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kisha avute kwenda juu, asisukume chini. Injini ikirudi nyuma kwa ghafula, yaweza kumvunja mkono asiyejihadhari.

Stata isishikwe zaidi ya sekunde chache kwa mara moja, kisha ipumzishwe. Mkulima atakayekagua nyaya zake jioni moja kila mwezi atapakia maziwa yake bila wasiwasi. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.