Ukiulizwa Mugumu, Utajibu Nini?

Mgeni mwenye dodoso akiingia kwenye mji wa mtu karibu na Mugumu, wilayani Serengeti, na kuuliza, "Mzee, hapa kwako mnawinda?", jibu atalipata upesi: hapana. Hifadhi iko jirani, askari wa wanyamapori wanapita, na kuwinda bila kibali ni kesi.

Ana Nuno na wenzake wa Chuo cha Imperial cha London hawakuuliza hivyo. Waliwagawa wahojiwa makundi mawili. Kundi la kwanza husomewa shughuli za kawaida, tuseme kulima, kufuga na kuuza dukani, kisha mtu anataja idadi tu ya zile anazofanya, bila kusema ni zipi. Kundi la pili husomewa orodha ileile, ila uwindaji umeongezwa. Hakuna anayejifichua, hata mhoji mwenyewe hajui. Lakini wastani wa kundi la pili ukizidi wa lile la kwanza, ziada hiyo ndiyo sehemu ya wawindaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa karibu kaya 18 katika kila 100 zilihusika. Ni werevu ambao hata mzee mgumu wa Kiikoma, kabila la huko Serengeti, angeukubali.

Tarime, wilaya nyingine ya mkoa huohuo wa Mara, kuna swali zito zaidi: ukeketaji. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 28. Je, mila imepungua au midomo imefungwa? Huenda yote mawili, kwa kuwa swali huulizwa waziwazi. Isitoshe, takwimu hizo ni za mkoa mzima, unaochanganya Wakurya wa Tarime na jamii za Musoma na Bunda.

Taasisi binafsi nazo zina njia zao. Twaweza, mojawapo ya taasisi hizo, ilipoanzisha utafiti wa simu wa Sauti za Wananchi, ilichagua kaya 2,000 Tanzania Bara, kumi kumi kutoka maeneo 200, ikazigawia simu na chaja za sola, kisha kuanzia 2013 ikawa inazipigia. Kwa hesabu hiyo taifa lote linasikika vizuri. Tarime peke yake haisikiki: ukiwa na kaya chache za wilaya moja, asilimia yoyote utakayotoa ni kubahatisha. Mwandishi wa habari anayedai "Wakurya wanasema" kwa kutumia takwimu hizo anawasingizia.

Simu haimwondoi msikilizaji wa tatu, yaani serikali. Julai 2018, Twaweza ilitangaza kuwa wanaokubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikaitaka ijieleze kwa nini imefanya utafiti bila kibali. Septemba mwaka huohuo Bunge likaikaza Sheria ya Takwimu, hata kutangaza namba zinazokinzana na za serikali kukawa hatari. Wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mstari wa mbele, wakalalamika, na mwaka 2019 masharti hayo yakalegezwa.