Ganda la Yai Hujengwa Gizani

Kitengela iko kiasi cha digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, na mfugaji wa kuku anayelikumbuka hilo kabla ya kununua balbu atajiokolea tokeni nyingi za stima. Ushauri mwingi kuhusu taa za banda umeandikiwa watu ambao Desemba kwao jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Kuku wa huko siku zikifupika homoni zao za uzazi hushuka, hunyonyoka manyoya, na wengi huacha kutaga mpaka majira yageuke. Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote katika mwaka hupishana kwa dakika kumi hivi. Kuku wako akipunguza mayai mwezi wa Julai, usiisingizie siku kuwa fupi. Mtazame kwanza utitiri chini ya mabawa, upime baridi ya usiku wa nyanda za Athi, kisha ulichunguze lile gunia la chakula ulilouziwa kwa bei nafuu.

Hata hivyo taa ina kazi yake. Saa 12 na dakika chache za mwanga tunazopewa na ikweta zinatosha kumfanya kuku atage, ila hazimfikishi kwenye kilele. Kuku wa kisasa wa mayai walizalishwa na kuchaguliwa katika mabanda yenye mwanga wa saa 14 hadi 16, na hapo ndipo hutoa kile walichozaliwa kutoa.

Mwanga huo hauingilii machoni pekee. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kuwa bata dume waliotolewa macho bado walikuza korodani walipomulikwa, na kwamba waliofunikwa kichwa hawakufanya hivyo. Mwanga ulikuwa unapenya fuvu na kufika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo huiamuru tezi ya pituitari kumwaga homoni za uzazi. Rangi nyekundu hupenya vizuri zaidi. Ukitaka kuona kwa nini, funika tochi kwa kiganja gizani: mwanga unaojitokeza kwenye vidole ni mwekundu, kwa kuwa nyama na damu zimezuia rangi nyingine. Ndiyo maana balbu ya rangi ya manjano iliyofifia hufanya kazi vizuri kuliko ile nyeupe ya bluubluu. Wala haihitaji kuwa kali. Ukichuchumaa kwenye usawa wa kichwa cha kuku ukaweza kusoma gazeti, inatosha.

Swali la pili ni lini iwashwe. Wengi huiwasha jioni kwa sababu ndio wakati wenyewe wanapokuwa nyumbani, kisha saa tatu usiku wanaizima ghafla. Kuku haoni gizani. Aliyekuwa bado chini akila hubaki hapohapo, hawezi kupanda kwenye fito za kulalia, na usiku kucha atalala juu ya maranda yenye unyevu. Ni afadhali taa iwake saa kumi alfajiri na kuzimika kumepambazuka, ili jioni giza liingie polepole kwa mpango wa jua lenyewe. Hapo kuku hupata karibu saa 14 na nusu. Sharti moja: chakula na maji viwepo taa inapowaka. Kuku aliyeamshwa saa kumi akakuta chombo kitupu huanza kudonoa manyoya ya wenzake. Mitetea ambayo haijafikia umri wa kutaga isiongezewe mwanga, kwa sababu yai linaloharakishwa katika mwili mchanga huweza kumtoa kuku kizazi. Ikishaanza kutaga, mwanga uongezwe nusu saa kwa wiki.

Sasa tuje kwenye giza, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko taa. Yai huchukua takriban saa 25 kukamilika tangu kiini kitoke kwenye ovari. Kati ya hizo, karibu saa 20 hupita ndani ya tezi ya ganda. Kuku anayetaga asubuhi, basi, hujenga sehemu kubwa ya ganda la kesho yake usiku, akiwa amelala juu ya ufito. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, na mwili mzima wa kuku una kama gramu 20 tu. Kila yai linadai sehemu ya kumi ya akiba yote, tena wakati ambao mwenye deni hali kitu.

Kuku ana njia mbili za kulipa. Moja ni aina maalumu ya mfupa inayoota ndani ya mifupa mirefu, hasa ya paja, na kuyeyushwa usiku ili damu ipate kalsiamu. Nyingine ni kushiba kabla ya giza. Mshike kuku wako saa kumi na mbili na nusu jioni, upapase chini ya shingo: kile kifuko cha chakula kimejaa, kigumu, kimeelemea upande wa kulia. Mshike tena alfajiri, kimenywea. Alichokibeba kimekwisha kusagwa.

Kwa hiyo chakula cha jioni ndicho cha kutunza, kuanzia saa kumi jioni hadi jua lizame. Ongeza mashi ya kutagia wakati huo, pamoja na punje za mawe ya chokaa au makombe ya bahari yaliyovunjwa. Yawe punje, siyo unga. Unga hupita upesi, lakini punje hukaa ndani ya firigisi zikiyeyuka kidogokidogo hadi usiku wa manane, saa ambayo ganda linazihitaji. Wafugaji wa Kajiado wanaishi juu ya mali hii: vilima vya kaunti yao vinachimbwa mawe ya chokaa kwa ajili ya viwanda vya saruji vya Athi River. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine, inachoma, isikaribie chombo cha kuku.

Chakula kinachobaki usiku hakiliwi na kuku. Kinaliwa na panya, na panya hufuatwa na nyoka. Ning'iniza vyombo au uvifunike.

Maji ni habari ndefu zaidi Kitengela. Visima vingi vya huko hutoa maji ya chumvi, na mwenye kuku huchanganya ya kisima na ya lori kulingana na mfuko. Kuku wa mayai hunywa karibu maradufu ya uzito wa chakula anachokula, na yai lenyewe ni maji kwa robo tatu. Maji yenye chumvi nyingi hulainisha kinyesi, hulowesha maranda, na huweza kufanya ganda liwe jembamba hata chakula kikiwa na kalsiamu ya kutosha. Kama maji matamu ni machache, wape alasiri, kwa sababu kuku hunywa sana kabla ya kulala. Gizani hawanywi.

Mji huu una taa nyingine za usiku zenye sifa. Kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kijana Mmaasai Richard Turere alitundika taa za kumetameta kuzunguka zizi la ng'ombe akitumia betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, akawazuia simba; mwaka 2013 alizieleza jukwaani TED huko Marekani. Taa zile hufanya kazi kwa kuwa hazitulii. Kuku anahitaji kinyume chake, basi banda lililo jirani na zizi la namna hiyo lizibwe upande huo kwa mabati.

Vifaranga nao hupewa taa mchana na usiku katika siku za mwanzo ili wajue chakula kilipo. Baada ya hapo wazoezwe giza, muda kidogo kila usiku. Wasiolijua, stima ikipotea ghafla hurundikana pembeni wakasongana pumzi hadi kufa. Hata kwa kuku wa nyama, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inataka angalau saa 6 za giza kwa siku, 4 kati yake zikiwa mfululizo.

Mwenye kienyeji halisi asijisumbue na balbu ya alfajiri. Kuku huyo hutaga kundi la mayai, akaatamia, akalea, na hamna taa itakayomtoa kwenye kiota. Jioni mpe mahindi na maji, kisha funga mlango kabla kanu hajaanza mizunguko yake.