Kigari cha kukunja: kukiunganisha, kukipakia, na kukiweka mikononi mwa wamama



Wengi wenu mmetuuliza kuhusu kile kigari mnachokiona kikipanda kutoka soko la Kadutu na magunia matatu na wamama watatu, kisha jioni kinaingizwa nyumbani kimekunjwa kama meza. Kimetoka wapi? Kinaunganishwaje? Na swali ambalo mama mmoja alituuliza kwa sauti ya chini: je, kigari hiki hakitawanyima kazi wamama wanaoishi kwa kubeba mgongoni? Leo tunajibu yote, na hilo la mwisho tutalipa nafasi yake, kwa sababu ndilo kubwa.

Mzigo wa mgongoni

Hapa kwetu hakuna haja ya kuelezana habari ya kamba inayopita kwenye paji la uso. Mama anainama, wenzake wanampandishia gunia la unga wa muhogo, makala, mchanga au matofali, naye anapanda nalo mpaka Cimpunda au Nyawera. Akifika analipwa. Akiugua, siku hiyo watoto hawali, na mwisho wa mwezi shule inawarudisha nyumbani.

Mwaka 1967 Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mkataba namba 127 juu ya uzito ambao mtu mmoja anaweza kubeba. Pendekezo linaloandamana nao linasema mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na kwamba uzito wa mwanamke uwe pungufu sana kuliko wa mwanamume. Gunia moja la simenti ni kilo 50. Kila mmoja afanye hesabu yake.

Waganga wanatuambia pia kwamba kubeba vizito kwa miaka mingi, pamoja na kuzaa mara nyingi, kunaongeza hatari ya kizazi kushuka. Mama mwenye maumivu ya tumbo la chini, au anayehisi kitu kinateremka, asikae kimya kwa haya. Hapa mjini tuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inayojulikana duniani kote kwa kutibu wanawake. Ugonjwa huu unatibika.

Magurudumu yanajulikana, lakini si kwetu

Jirani zetu wa Goma wana chukudu, ule mti wenye magurudumu mawili unaoteremsha viazi, kabichi na makala kutoka vijijini. Wanaiheshimu hata wameijengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 2009. Lakini tuangalie nani anaiendesha: ni wanaume na vijana. Hata hapa Bukavu, kitu chenye magurudumu kina mwanamume nyuma yake, na kitu cha mgongoni kina mama chini yake. Basi kikundi chetu kilipopata kigari, tulijiuliza mambo mawili kwa pamoja: tutakiunganishaje, na tutafanyaje kibaki mikononi mwetu?

Kabla ya kukaza bulo ya kwanza

Kigari chetu kilikuja ndani ya boksi, vipande vipande, kwa fedha tulizochanga katika likelemba. Ni kigari cha gurudumu moja kila upande, chenye kitanda cha chuma kinachokatika katikati kwa bawaba kama za mlango, na mkono mrefu wa kukokota. Kitupu kina uzito wa kilo 25. Faida ya kukunjwa mnaielewa ninyi mnaoishi kwenye viwanja vyetu vya mteremko: hakuna mahali pa kuweka kigari nje, na kikilala nje hakiamki. Kikikunjwa kinasimama nyuma ya mlango.

Siku ya kuunganisha, tafuteni mahali tambarare, pasipo na majani yatakayomeza nati. Tandikeni kikwembe cha zamani, mwage vipande vyote juu yake, mhesabu moja moja mkifuata picha za karatasi iliyo ndani ya boksi. Hata maandiko yakiwa ya lugha msiyoijua, picha zinatosha. Mnahitaji kle mbili za namba 13 kwa bulo ndogo, mbili za namba 17 kwa zile kubwa, nyundo, grisi kidogo na pompi ya baiskeli. Zinahitajika mbili mbili kwa sababu moja inashika kichwa cha bulo na nyingine inakaza nati.

Hatua za kuunganisha

1. Anzeni na nusu mbili za kitanda. Ingizeni bulo zote, lakini mkaze kwa vidole tu. Anayekaza kabisa tangu mwanzo atakuta tundu la mwisho halikutani.

2. Pimeni kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kwa mshalaba. Vipimo viwili vikilingana, kitanda kimenyooka. Visipolingana, sukumeni polepole mpaka vilingane. Kigari kilichopinda kinavuta upande mmoja siku zote na kinakula matairi.

3. Sasa kazeni, mkipokezana pande: bulo moja huku, moja kule. Kila nati iwe na rondeli yake.

4. Pakeni grisi kwenye goroli za magurudumu, ingizeni magurudumu kwenye chuma chake, mhakikishe pini ya kuzuia imepita na ncha zake zimepindwa. Gurudumu likizungushwa kwa mkono lizunguke bila kelele na bila kuyumba.

5. Fungeni mkono wa kukokota. Kama ni mfupi, mnaokokota mtaumia kiuno. Mkisimama wima, mkono ufike kwenye nyonga.

6. Kunjeni na mkunjue mara tatu kikiwa kitupu. Ile pini inayofunga katikati ndiyo roho ya kigari. Isipoingia mpaka mwisho, kitanda kitajikunja na mzigo juu yake. Sisi tumeifunga kwa kamba fupi nyekundu ili isipotee na ionekane kwa mbali.

7. Wekeni ubao wa tripleksi juu, ukatwe vipande viwili ili usizuie kukunja.

Baada ya safari ya kwanza, rudieni kukaza bulo zote. Mawe ya barabara zetu yanalegeza kila kitu. Baada ya hapo, kila Jumamosi inatosha.

Neno juu ya watoto: kigari kinapokunjwa, nusu mbili zinafungana kama mdomo. Kidole cha mtoto kikiwa kati, kinakatika. Tunakunja wamama wawili, watoto wakiwa mbali, na hatumtumi mtoto akikunje peke yake.

Namna ya kupakia

Gunia zito liwekwe juu ya magurudumu, mengine yaligusane nalo, na uzito uelekee mbele kidogo tu, upande wa mkono. Mzigo ukiwa nyuma, mkono unaruka juu na kumwinua anayekokota. Ukiwa mbele sana, mnarudi kubeba kwa mikono kile mlichotaka magurudumu yabebe. Fungeni kwa kamba mbili za mshalaba. Maandiko ya kigari chetu yanasema kilo 200. Kwa barabara zetu tunabaki kwenye kilo 150.

Hesabu ya mlima

Bukavu si tambarare, na kigari hakiondoi mlima. Tufanye hesabu pamoja, kama tunavyofanya darasani.

Magunia matatu ya kilo 50 ni kilo 150. Ongeza kilo 25 za kigari, inakuwa 175. Mahali panapopanda mita 10 katika kila mita 100, nguvu ya kukipandisha ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito: kilo 17 na nusu, pamoja na kidogo kwa ajili ya mawe na matope. Wamama watatu wakigawana, mmoja akikokota na wawili wakisukuma, kila mmoja anapata kilo 6 hivi. Mahali pakali zaidi, panapopanda mita 20 kwa 100, kila mmoja anapata karibu 12. Linganisheni na kilo 50 juu ya mgongo wa kila mmoja.

Lakini mama mmoja peke yake na magunia yale yale, kwenye mlima ule mkali, anapambana na kilo 35 zinazotaka kumrudisha chini, bila nafasi ya kupumzika. Hiyo ni hatari. Kigari hiki ni cha watu watatu.

Tukipanda, mmoja wa wanaosukuma ana kipande cha mti cha kuweka nyuma ya gurudumu kila tunapopumzika. Tukiteremka, tunapunguza mzigo ubaki magunia mawili, na tunageuza kigari: mzigo unatangulia, sisi tunabaki upande wa juu, tukikizuia kwa mkono wake na kwa kamba. Hakuna anayejifunga kamba kiunoni wala mkononi. Kikituponyoka, tukiachie kiende, gunia linanunuliwa tena. Mmoja anatangulia pembeni akiita watu wapishe. Mvua ikinyesha, njia za udongo mwekundu hatuteremki.

Tuseme pia kwamba kuna mahali kigari hakifiki. Zile njia za ngazi na mifereji kati ya nyumba za mlimani zinabaki za miguu. Hapo tunashusha, tunagawa gunia katika mafungu madogo, tunayapeleka kidogo kidogo. Barabarani tunabaki kuume, na nyuma tumebandika rifleta mbili kwa ajili ya saa za jioni.

Siku REGIDESO inapokata maji mtaani, kigari kinafanya kazi nyingine. Bidoni sita za lita 20 ni kilo 120 kwa safari moja. Watoto ambao wangezibeba moja moja kichwani wanaingia darasani saa yao. Sisi tunaofundisha tunaona tofauti: mtoto aliyepanda mlima mara nne alfajiri anasinzia kwenye somo la kwanza.

Kigari ni cha nani?

Sasa tuje kwenye swali la yule mama. Ni kweli: gari moja linaloendeshwa na kijana mmoja mwenye nguvu linaweza kuchukua magunia matatu, na wamama watatu wakabaki wamekaa sokoni na kamba zao. Hivyo ndivyo inavyotokea kitu kizuri kinapofika bila watu kuketi na kukubaliana.

Haikuchukua wiki mbili kabla jambo hilo halijabisha hodi kwetu. Shemeji wa mama mmoja alikuja kwa heshima, akasema tumkodishe kigari kwa siku, atatuletea fedha jioni, sisi tupumzike. Fedha aliyotaja haikuwa mbaya, na baadhi yetu walitaka kukubali. Mama mmoja mzee, aliyebeba mgongoni tangu ujana wake, akauliza: «Mnapumzika wangapi, na wanakula wangapi?» Tukahesabu. Kodi ya siku ingeingia katika sanduku la kikundi, lakini wamama watatu wa zamu ile wangerudi kwenye kamba, kwa sababu fedha ya sanduku haiwi unga wa jioni ile. Tukamjibu shemeji yetu kwa upole kwamba hapana. Leo ndiye anayetusaidia kuziba matairi, naye tunamlipa.

Kutokana na hayo tuliandika makubaliano mafupi kwenye daftari, na kila mmoja akatia sahihi au kidole:

– Kigari kinatoka na wamama watatu, si pungufu. Kila mmoja ana mteja wake na gunia lake, na kila mmoja anapokea malipo yake kamili.

– Kila safari, kila mmoja anaacha kidogo katika sanduku kwa matairi, grisi na bulo.

– Zamu inafuata daftari. Mjamzito na aliyejifungua karibuni hasukumi. Anashika daftari na sanduku, na anapata sehemu yake.

– Kigari hakikodishwi nje ya kikundi. Kinalala nyumbani kwa mama wa zamu, kimekunjwa, na sheni na kadena.

– Mama asiye wa kikundi anayebeba mgongoni anaweza kujiunga na safari kama wa tatu, kwa masharti yale yale.

Hilo la mwisho ndilo jibu letu. Kigari hakimnyimi mama kazi kama nafasi tatu za kukisukuma zinabaki za wamama.

Vikundi vinavyofikiria kununua, ongeeni kwanza juu ya daftari, kisha juu ya boksi. Wanaotaka kuona kinavyokunjwa na kukunjuliwa, waje kwenye mkutano wetu wa kawaida. Tutakifungua mbele yenu, na ninyi mtashika kle.