Kabla ya Kununua Kamera, Itoe Juani

Mwaka 2023 filamu ya The Creator ya mwongozaji Gareth Edwards iliingia kwenye majumba ya sinema. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 80 hivi, lakini sehemu kubwa ilipigwa kwa Sony FX3, kamera ndogo ya karibu dola 4,000 ambayo hata wapiga video wa harusi wanayo. Tangu hapo vijana wa filamu huniuliza: nikiipata FX3, si nitakuwa nimefika?

Jibu limo ndani ya filamu hiyohiyo. Ilipowania Oscar, iliteuliwa katika sauti na athari maalumu za picha, si katika upigaji picha. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ni kweli kwamba picha nzuri haiko mbali tena na mfuko wa mtu wa kawaida. Mwaka 2008 Canon 5D Mark II iliweka video ya HD kamili ndani ya kamera ya picha za mnato. Mwaka 2015 Sean Baker alionyesha Tangerine, aliyoipiga kwa simu ya iPhone 5s. Mwaka 2018 Blackmagic ikatoa Pocket 4K kwa dola 1,295, ikiambatana na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve Studio. Siku hizi tatizo la mtengenezaji filamu huru ni kujua namba ipi ya kwenye boksi ina maana.

Wauzaji hutaja 4K, 6K na 8K kwanza. Picha ya 4K ina nukta milioni 8.3, mara nne ya HD kamili, na hiyo inatosha kabisa. Badala yake, ulizia biti. Kamera ya biti 8 hupima kila rangi ya msingi kwa ngazi 256. Ya biti 10 hupima kwa ngazi 1,024. Tofauti huonekana unapohariri anga la magharibi, au uso mweusi ulioketi kivulini: ukiuongezea mwanga, biti 8 hukatika mistari mistari, biti 10 hubaki laini. Kwangu mimi, 4K ya biti 10 ni bora kuliko 6K ya biti 8.

Kisha lipo jua letu. Ili mwendo uonekane wa kawaida, ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50. Kwa shata hiyo na ISO 100, jua la mchana hukulazimisha kuibana lenzi hadi f/22, na hapo mandhari ya nyuma huonekana wazi sawa na uso wa mwigizaji. Ukitaka f/2.8, lazima upunguze mwanga mara 64. Kazi hiyo hufanywa na filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Ukitumia mfumo wa logi, unaorekodi picha iliyofifia ili rangi zake zirekebishwe wakati wa kuhariri, na ambao katika kamera nyingi huanzia karibu ISO 800, unahitaji kupunguza mara nane zaidi ya hapo. Kamera ghali isiyo na filta, saa sita mchana, haina msaada.

Ndani ya nyumba tatizo ni umeme. Wa Tanzania na Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo taa za tyubu hupepesa mara 100. Macho hayaoni, lakini kamera iliyowekwa fremu 30 na shata 1/60 huona, na picha nzima hucheza. Ingia kwenye menyu, acha mfumo wa video wa NTSC, chagua ule wa PAL unaoendana na umeme wetu, upige fremu 25 kwa shata 1/50. Kosa hili halina gharama kulizuia, ila kulifuta baada ya kurekodi ni mateso.

Sauti ndiyo inayoumiza filamu zetu kuliko yote. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga. Mazungumzo asiyoyasikia hayavumilii. Vinasa sauti vipya vya biti 32, kama Zoom F3, huokoa hata kelele ya ghafla ya mwigizaji bila sauti kupasuka. Lakini havifuti bodaboda iliyopita. Dawa ni maikrofoni iliyo karibu na mdomo, na mtu mmoja aliyevaa hedifoni ambaye kazi yake ni kusikiliza tu.

Usisahau hifadhi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Ukirekodi saa tatu kwa siku kwa siku kumi, ni gigabaiti 1,350, na nakala lazima ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti.

Kwa hiyo, ukiwa na fedha ya kamera, igawe: nusu iende kwenye kamera na lenzi, nusu kwenye sauti, filta, taa, betri na diski. Siku ya kwenda dukani beba kadi yako. Rekodi chini ya taa za tyubu. Zungusha kamera kwa haraka uone kama nguzo zilizo wima zinainama kwenye video. Kisha omba kuitoa nje, iache juani ikirekodi nusu saa. Ikizima kwa joto, irudishe kabatini, hata kama imeandikwa 8K.